Sanduku la Babu, Ufunguo wa Bibi

Mwaka juzi niliombwa nifasiri sentensi moja tu. Mwombaji ni ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, anayeishi Dubai. Kwa miaka kadhaa alikuwa akikusanya majina ya ukoo wetu ili atengeneze shajara, ile michoro ya mti wa nasaba inayotundikwa katika sebule za watu wa Ghuba. Chini kabisa ya mti, penye shina, alitaka kuweka picha ya sanduku lililoko nyumbani kwangu hapa Mji Mkongwe, na chini ya picha hiyo maneno haya: Sanduku alilokuja nalo babu yetu kutoka Hadhramaut. Aliniandikia, “Kaka, wewe ndiye mfasiri wa ukoo. Tutilie kwa Kiarabu fasaha.”

Kazi ya kufasiri sikufundishwa darasani. Nimejifunza kwa kamusi za kuazima na kwa kukaa miguuni pa wazee, na katika miaka thelathini nimefasiri mashairi, wasia, hati za nyumba na barua za posa. Sentensi ile ya maneno saba ilinishinda. Kiarabu chake hakikuwa na ugumu wowote. Iliyonishinda ni maana yake, kwa kuwa kila nilipoliangalia sanduku lenyewe niliona linaikanusha. Makala haya ni majibu yangu kwa ndugu yangu, na nayaleta mbele ya wasomaji kwa sababu nadhani masanduku ya namna hii yapo katika nyumba nyingi za pwani, na visa vyake vinafanana.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa sana jinsi lilivyo, maana wengi wetu tumekulia pembeni ya moja. Urefu wake ni kama dhiraa mbili na nusu. Mbao zake zimekuwa nyeusi kwa umri na kwa mafuta ya mikono. Uso wake wa mbele umepambwa kwa njumu za shaba ya njano: misumari yenye vichwa vya duara iliyopangwa safu kwa safu, na mabati membamba yaliyokatwa kwa umbo la majani. Chini pana saraka tatu. Ndani, upande wa kushoto, pana kijisanduku chenye kifuniko chake, na humo mna siri ambayo nitaifikia baadaye. Ukilifunua hupokewa na harufu ya udi, karafuu na nguo za kuweka. Utotoni tulikatazwa kulikalia. Mama alikuwa akisema, “Hapo amelala babu yenu,” na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba mna mifupa.

Kisa tulichorithi pamoja nalo kilikuwa kifupi. Babu, Mwarabu wa Hadhramaut, alipanda jahazi katika bandari ya Shihr wakati wa kaskazi, akaja Unguja na sanduku lake likiwa limejaa vitabu na nguo, akaoa, akazaa, akafa. Kwa hesabu ya ukoo alifika mnamo mwaka 1310 wa Hijria, sawa na 1892 au 1893. Mkewe, katika kisa hicho, hakuwa na jina wala kwao. Hakuna aliyeuliza. Kisa chenye sanduku zuri kama lile hakikuonekana kupungukiwa na kitu.

Nilianza kwa kuliuliza sanduku. Nilimwita fundi mmoja mzee, mtengenezaji wa milango na masanduku, akaliinamia, akalisugua pembeni kwa kidole chenye mate, akanusa. “Msaji,” alisema. Akazivuta saraka, akapitisha mkono katika maungio ya pembe, akahesabu safu za misumari. “Hii kazi ya Bara Hindi, mwalimu. Huko kwa babu yako wana miti gani ya kutoa mbao hizi?”

Swali lake lilikuwa la haki. Hadhramaut ni nchi ya mitende na mikunazi. Hata zile ghorofa ndefu za mji wa Shibam zimejengwa kwa matofali ya udongo. Msaji ulitoka Malabar, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, na ndio huo huo uliojenga majahazi yenyewe yaliyoivuka bahari yetu. Masanduku ya njumu yalitengenezwa katika miji ya upande huo, Surat na Bombay miongoni mwao, yakasafirishwa Ghuba, Arabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Sheila Unwin, Mwingereza aliyeyafuatilia kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake mwaka 2006, na ingawa jina la kitabu hicho linayaita masanduku ya Kiarabu, ndani yake anaonyesha kwamba mengi yao asili yake ni Bara Hindi. Basi kitu tulichokiweka kuwa ushahidi wa Uarabu wetu kilikuwa cha Kihindi. Hilo peke yake halikuthibitisha kwamba kisa chetu ni cha uongo, kwani babu angeweza kulinunua Shihr na kupanda nalo chomboni. Ikanilazimu nimuulize na yeye.

Hadhramaut ya nusu ya pili ya karne ya 19 haikuwa nchi ya mtu kukaa akatulia. Waqu‘aiti na Wakathiri walikuwa wakipigania bandari na mabonde, mvua ilikuwa haina ahadi, na ardhi yenye maji ilikuwa ya wachache. Vijana walitoka. Wenye jamaa Java na Singapore walikwenda huko. Wengine walikwenda Hyderabad kutafuta uaskari kwa Nizam. Na wengi wasiokuwa na kitu walisubiri kaskazi wakaja kwetu. Kwa kuwa Shihr ilikuwa bandari yao mashuhuri, watu wa Unguja waliwaita wote Washihiri, hata yule ambaye mji huo aliuona siku moja tu, siku ya kuupa mgongo.

Hapa walishika kazi ambazo Waarabu wa Oman wenye mashamba ya karafuu hawakuzigusa. Walikuwa mahamali wa bandarini, wachukuzi wa maji, wenye viduka vya pembeni mwa njia, na hasa wauza kahawa, dele mkono mmoja na vikombe vikigongana mkono wa pili. Katika midomo ya baadhi ya watu jina la Mshihiri lilikuwa na ladha ya dharau, na ladha hiyo haijakwisha kabisa.

Hadhramaut haikutuletea wachukuzi peke yao. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na akawa kadhi wa Unguja, ni wa damu hiyo. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye chuo chake cha Ukutani kilisomesha watu wengi, ni wa damu hiyo, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akafanya makao yake Lamu na kuiasisi Riyadha, naye ni wa damu hiyo, na sifa yake kubwa ni kwamba aliwafungulia elimu watu wanyonge ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja. Lakini ni rahisi mno kwa familia yoyote yenye babu Mhadhrami kumsogeza babu huyo akakae karibu na masharifu na wanazuoni. Sisi tulimjazia wetu sanduku zima la vitabu. Mama yangu, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alinitamkia kwa sauti ya chini kwamba mzee yule alikuwa akiuza kahawa. Aliyasema maneno hayo kama mtu anayekiri deni.

Namna walivyosafiri watu kama yeye inajulikana. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi la Kikuwaiti katika msimu wa 1938 hadi 1939. Jahazi hilo lilipakia abiria Shihr, likateremka pwani kwa kaskazi mpaka Unguja, kisha likaenda katika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 kinaeleza jinsi abiria walivyosongamana sitahani kwa wingi wao. Babu yetu alikuja zaidi ya miaka arobaini kabla ya safari hiyo, na sioni sababu ya kudhani kwamba alipata raha zaidi. Wenye masanduku chomboni walikuwa nahodha, na mabaharia waliochukua bidhaa zao wenyewe za kuuza bandarini. Kijana wa sitahani alikuwa na tita la nguo, tende kidogo, na jina la mtu wa kumtafuta akifika. Sanduku la msaji la dhiraa mbili na nusu lingechukua nafasi ya watu watatu. Nani angemlipia?

Sasa ile siri. Fundi, alipokuwa akilisafisha sanduku kwa ndani, aliusukuma ubao wa ubavuni mwa kijisanduku nao ukapanda juu. Nyuma yake palikuwa na saraka mbili nyembamba. Moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandikia wengine kwa malipo. Nilichukua siku tatu kuisoma. Mahali pengi wino ulikuwa umefifia na nukta zimepotea, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, kikikosa nukta zake, neno moja laweza kusomwa kwa njia tano.

Ni hesabu ya malipo. Kasha moja limenunuliwa kwa Mhindi mmoja wa hapa mjini kwa rupia thelathini na mbili, nalo limelipwa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, kuanzia mwaka 1325 wa Hijria, yaani 1907. Kila rupia mbili au tatu zilizotolewa zimepigiwa mstari. Mlipaji ni mwanamke. Jina lake lipo, na ni katika yale majina ya bahati na furaha ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao. Baada ya jina hilo hakuna jina la baba. Imeandikwa tu kwamba yeye ni huru wa bwana fulani, tena ni mke wa fulani, Mshihiri, muuza kahawa.

Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka nikasikia adhana ya alasiri. Sanduku la babu halikuja na babu. Lilinunuliwa hapa Unguja, miaka kama kumi na mitano baada ya yeye kufika, na aliyelinunua ni mkewe.

Habari za mwanamke huyo sina budi kuziokota vipande vipande. Katika karne ya 19 watumwa wengi walioletwa Unguja walipitishwa Kilwa Kivinje, wakitokea nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na kuwasafirisha baharini kukapigwa marufuku. Lakini magendo yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Bibi yangu, ambaye alimdiriki katika uzee wake, alikuwa akisimulia kwamba bibi huyo hakuweza kusikia jina la Kilwa likitajwa bila ya kujifunika uso kwa kanga. Wao watoto walidhani ana mdai wake Kilwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri ya kuifuta hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfungulia mtu mlango. Mtumwa aliyeutaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wako wengi ambao hawakwenda kuomba, kwa hofu, kwa mazoea, au kwa kuwa hawakuwa na pa kulala wakishatoka kwa bwana. Yeye ama alikwenda, ama aliachwa huru na bwana wake mwenyewe, karatasi haisemi. Inachosema ni kwamba kufikia mwaka 1907 alikuwa huru, ameolewa, na ana pesa zake. Pesa hizo zilitoka wapi, Bibi alikuwa akilijua hilo na akilieleza bila ya kujua uzito wake: bibi yake alikuwa akipika vitumbua alfajiri, akaviuza pale pale mumewe alipouzia kahawa.

Ndoa yao haina ajabu kwa mwenye kuzijua zama zile. Wahadhrami walisafiri bila ya wanawake, na waliotaka kuoa walioa huku walikofika. Watoto wa ndoa hizo kwao Hadhramaut waliitwa muwalladin. Kwa mizani ya kufu iliyokuwa ikitumika mjini, mwenye mali na nasaba hakumpa binti yake muuza kahawa, na huru asiye na baba wa kutajwa hakutarajia kuposwa na mwenye nyumba ya mawe. Walikutana wawili ambao mji ulikwisha kuwapima ukawaona wepesi.

Nimejiuliza sana kwa nini mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua atoe rupia thelathini na mbili kununua sanduku, na kujifunga deni la zaidi ya mwaka. Angeweza kununua mabati ya paa, au bangili za fedha ambazo ni rahisi kuuzwa siku ya shida. Jibu langu ni dhana tu, lakini ni dhana ninayoiamini. Mtumwa na alichonacho vyote vilikuwa vya bwana. Hata nguo aliyojifunga haikuwa yake kwa hakika. Aliyeishi ujana wake wote katika hali hiyo angeweza kukitamani kitu chenye kufuli kuliko kitu chochote kingine, akakiweka pembeni mwa chumba ambapo kila anayeingia atakiona, na ufunguo akautia katika pindo la kanga yake mwenyewe.

Ufunguo huo ndio uliofanya njia. Alijaliwa watoto, akaishi mmoja tu, wa kike. Siku alipomwoza alimpa sanduku likiwa na nguo za harusi. Binti huyo akampa bibi yangu, bibi akampa mama yangu. Mama hakuzaa mtoto wa kike, na ndiyo maana sanduku limeishia kwangu mimi. Mikono minne ya wanawake ilipokezana kabla halijanifikia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo katika sentensi niliyoombwa kuifasiri.

Hapa pana jambo ambalo ndugu yangu hakulitazama. Nasaba, kwa kanuni ya Waarabu ambayo tunaipenda sana, hufuata baba. Binti wa Mshihiri aliolewa na mtu wa Makunduchi. Bibi yangu aliolewa na Mngazija. Mama yangu aliolewa na mtu wa Pemba. Kwa kanuni hiyo tunayojivunia, nasaba ya mzee yule ilikwishatutoka zamani, na jina la kabila lake hatuna haki ya kulivaa. Tukimdai, tunamdai kwa njia ya mama. Na tukishaufungua mlango wa mama, hatuwezi kumwacha mkewe nje akisubiri kibarazani. Kila mtu ana wazee kumi na sita katika kizazi cha nne kilicho juu yake. Sisi tulikuwa tukimtaja mmoja.

Hatukuwa peke yetu katika uchaguzi huo. Sensa za mwaka 1924 na 1931 zinaonyesha jinsi watu wa visiwa hivi walivyokuwa wakibadilisha majina ya kujitambulisha: waliojiita Waswahili walipungua ghafla, na wakaongezeka wale waliojinasibisha kwingine. Dola ya wakati ule iliwapanga watu kwa makabila, na mwenye akili alitazama safu ipi ina kivuli. Bibi yangu, aliyezaliwa mnamo mwaka 1920, alikulia katika hesabu hiyo. Yeye ndiye aliyemvika babu yake kilemba na kumjazia sanduku vitabu. Simlaumu. Alitaka watoto wake wasimame kivulini.

Kisha upepo ukageuka. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalianza, na katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, wengi wao Waarabu au waliodhaniwa kuwa Waarabu. Nyumba yetu ilikwisha kujijengea jina la Uarabu kwa majivuno ya miaka mingi. Mama, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alinisimulia mara moja tu yaliyotokea. Watu wenye silaha walibisha mlango wakauliza kama hapa ni kwa Waarabu. Bibi, ambaye maisha yake yote alikuwa akimtaja babu yake wa Shihr, alisimama mbele ya sanduku akamtaja bibi yake. Alilitaja jina lake la utumwani, akaitaja Kilwa, akaitaja bara. Mmoja wao akamuuliza, “Kilwa ipi?” Bibi akajibu, “Kivinje.” Wakatazamana, wakaondoka. Nyumba ya jirani hawakuwa na bibi wa kumtaja.

Jina lililokuwa limefichwa kwa zaidi ya nusu karne liliokoa roho saba siku ile. Baada ya miezi michache halikutajwa tena. Mama mdogo na mumewe waliondoka wakaenda Ghuba, na huko tena Mshihiri akawa na faida, akafufuliwa na vitabu vyake. Ndivyo ukoo wetu ulivyosafiri, kama majahazi yaliyotuleta: kaskazi ikivuma tulikuwa watu wa Arabuni, kusi ikishika tulikuwa watu wa bara. Kuwa na asili mbili, au kumi na sita, si aibu kwa mtu wa pwani; visiwa hivi vimekaliwa hivyo. Ninaloliona kuwa aibu ni kumwita bibi siku ya hatari na kumrudisha sarakani siku ya salama.

Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeisikia harusini na misibani, mara nyingi kwa mtu anayejisifia kwao. Tangu nisome karatasi ile siwezi kuisikia kama zamani. Aliyekuwa mtumwa katika ukoo wetu hakuiacha asili yake. Alinyang’anywa, akiwa mtoto, mahali ambapo hata leo hatuwezi kupaonyesha kwenye ramani. Walioiacha kwa hiari yao ni sisi, tuliozaliwa huru.

Basi nilimjibu ndugu yangu. Nilimwandikia sentensi nyingine badala ya ile yake: Sanduku alilolinunua bibi yetu, huru, kwa pesa za vitumbua, Unguja, mwaka 1325. Nikaifasiri kwa Kiarabu fasaha kama alivyotaka. Neno moja tu lilinipa kazi. Huru yetu imetoka kwa Waarabu, lakini Kiswahili hakibagui mume na mke, na Kiarabu hubagua. Tena Kiarabu kina neno la aliyeachwa huru na neno la aliye huru. Karatasi ilisema huru wa bwana fulani, na mfasiri mwaminifu angechagua la kwanza. Nililiandika la pili, hurra, nikamwondoa bwana. Ni mahali pekee katika miaka thelathini ambapo nimefasiri kinyume cha maandishi nikijua ninalolifanya.

Hakujibu kwa siku kumi na moja. Kisha akapiga simu. Habari za sanduku hakuziuliza kabisa.

“Kaka,” aliniambia, “jina lake nani?”

Nilimtajia. Alinyamaza kwa muda. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya upole.

“Naliona ni jina zuri. Lakini kaka, hapa nilipo nina mabinti watatu wa kuozwa, na watu wa hapa huanza kwa kuusoma ukuta. Nisamehe.”

Nilimsamehe, kwa kuwa maneno hayo yangeweza kuwa ya Bibi katika mwaka 1931. Shajara imekamilika na imetundikwa. Haina picha ya sanduku. Aliniambia afadhali paachwe patupu kuliko kuweka maneno ambayo sasa anajua kuwa si kweli, na mimi nimelihesabu hilo kuwa ni jambo.

Jina la bibi silitaji hapa. Wapo jamaa wengine wenye haki nalo sawa na mimi, na hawajaridhia. Lakini binti yangu analijua. Ataolewa kaskazi ijayo, inshallah, na sanduku litatoka nyumbani kwangu kwenda kwake, kama ilivyo desturi yake. Nimemsomea karatasi mstari kwa mstari, nikamnakilia kwa herufi za Kirumi, maana za Kiarabu anazisoma Kurani tu. Karatasi zote mbili, ile ya zamani na nakala yake, tumezirudisha katika saraka nyembamba nyuma ya ubao. Ile saraka ya pili bado ni tupu. Nilipomkabidhi ufunguo aliutazama kidogo, akaufunga katika pindo la kanga yake, akaniuliza kama fundi aliwahi kusema sanduku linataka mafuta gani.